Kebo Iliyopita Chini ya Mfongo

Mara iliyopita niliwaacha nimesimama mbele ya ng'ombe wangu aliyekufa, miguu yake yote ndani ya matope, ulimi nje, na mwilini hana jeraha hata la mwiba.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Aikande, wa Mwika. Mume wangu Aminieli alipanda mlima na wageni akashushwa amefunikwa turubai. Aliniachia watoto wawili, Ruth na Hosea, na kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, ambacho mdogo wake Elimringi alikitaka kabla udongo wa kaburi haujakauka. Aliyenisimamia ni mama mkwe wangu, bibi Elisifa. Alisema mbele ya ukoo wote, "Nikiwa hai, Aikande hatoki." Neno hilo ndilo lililokuwa ukuta wa nyumba yangu.

Kahawa ilipoanza kununuliwa na watu binafsi na bei ikayumba, niling'oa mibuni ya upande wa chini, nikajenga banda, nikafunga mashine ya kusaga. Ikasaga vizuri kiangazi chote. Kisha maji yakaja kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji unaokatiza kihamba, na ng'ombe akafa.

Majirani walisema amekula sumu. Wengine walisema kuna mkono wa mtu. Elimringi alikuja na pikapu yake. Hakumtazama sana ng'ombe. Aliutazama mfongo, akautazama mpaka nikashangaa.

"Mfukieni," alisema. "Mtu asile hiyo nyama."

Jasho lilikuwa likimtoka na asubuhi ilikuwa ya baridi. Nilidhani ananihurumia.

Ili mjue alichokuwa akikiona pale, inabidi niwarudishe kwenye siku ya kuchagua waya. Na siwezi kuwaeleza siku hiyo bila kuwaeleza jambo ambalo nimelificha tangu nianze kuandika humu.

Fundi wangu wa umeme aliitwa Thadeus. Mtu wa Kibosho, Mkatoliki, mke wake alishafariki, alikuwa na chumba chake pale Moshi mjini. Alipokuja kuona banda, hakufungua begi la vifaa. Alitembea kutoka kwenye mita, iliyokuwa kwenye nyumba kubwa kando ya barabara, mpaka bandani kule chini. Akarudi. Akatembea tena.

"Mama Ruth, ni mbali," alisema. "Na mota yako ni kubwa. Na hapa katikati maji yanapita. Usinunue kitu mpaka twende wote."

Tulikwenda wote. Katika duka la vifaa vya umeme, karibu na soko la Moshi, muuzaji alituletea kebo nyembamba.

"Hii inatosha kabisa," alisema. "Wengi wanachukua hii."

"Wengi wana taa na redio," Thadeus alimjibu kwa upole. "Huyu mama ana mota."

Alitoa kisu, akakwangua ncha ya waya. Juu ulikuwa mwekundu kama shaba. Ndani ulikuwa mweupe, alumini iliyopakwa shaba juu tu. Akanionyesha, akaurudisha mezani. Ndipo akaomba kebo nene ya kuzikwa, yenye koti la nyuzi za chuma, shaba tupu ndani.

"Kwa nini nene hivyo?" nilimuuliza.

"Mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko inapokwisha kushika mwendo. Na njia ikiwa ndefu, umeme unachoka njiani. Nyie watu wa mlimani mnajua mfongo. Ukipitisha maji ya shamba zima kwenye mfongo mwembamba, yanafanya nini?"

"Yanabomoa kingo."

"Basi. Waya mwembamba unapata moto, ganda linayeyuka, umeme unatoka nje kutafuta pa kwenda. Na hapo kwenye maji, kebo iwe nzima. Isiungwe. Kiungo chini ya maji ni kaburi."

Alilisema neno hilo kama mtu anavyosema habari za mvua.

Sijui ni kitu gani kilichonipata katika duka lile. Tangu Aminieli afariki hakuna mtu aliyekuwa amenieleza jambo akingoja nielewe. Walikuwa wakiniamuru au wakinionea huruma. Huyu alinieleza, akasubiri nijibu, nikajibu, akafurahi. Tuliporudi stendi nilikuwa sitaki gari lijae.

Hilo ndilo nililoficha. Thadeus alikuwa mpenzi wangu. Hatukuwa tumemwibia mtu, yeye mgane na mimi mjane. Lakini kwetu mjane akiingiza mwanamume wa nje, na wa dhehebu jingine, ukoo husema amejifungulia mlango mwenyewe, atoke na mguu wake. Kwa hiyo alikuja kama fundi na kuondoka kama fundi, na watu wakafanya kama hawaoni.

Hatukuinunua kebo siku ile. Duka halikuwa na kipande kirefu cha kutosha. Elimringi akasema yeye anakwenda Holili, mpakani, kila wiki kwa biashara zake, ataipata huko bila shida. Thadeus alimwandalia kipande cha mfano, akamweleza unene na urefu. Nilimkabidhi shemeji yangu fedha za kahawa yangu ya mwisho.

Aliileta kweli. Ila aliileta Thadeus akiwa Kibosho kwenye msiba wa mjomba wake. Mtaro ulikuwa umeshachimbwa. Jumapili ile mimi, mama mkwe na watoto tulikwenda kwenye sikukuu ya mavuno, na tuliporudi tulikuta kebo imeshalazwa na mtaro umeshafukiwa. Elimringi alikuwa akinawa mikono.

"Nimekupunguzia kazi, shemeji," alisema.

Nilimshukuru. Nilimpikia kiburu, ndizi zetu na maharage.

Thadeus aliporudi hakupendezwa. Alikagua ncha ya juu, akakagua ncha ya chini. Zote zilikuwa kebo mpya, nene, shaba tupu. Akaipima kwa kipimo chake. Ikasoma vizuri. Ardhi ilikuwa kavu kama jivu.

"Ningependa kuiona yote," alisema.

"Unadhani nimemwibia mke wa kaka yangu?" Elimringi aliuliza.

Palikuwa na watu wakisikiliza. Thadeus akaunganisha umeme, mashine ikanguruma, bibi Elisifa akapiga vigelegele.

Sasa turudi kwa ng'ombe.

Siku ile ile aliyokufa, Elimringi alikuwa akienda mjini. Nilimwomba ampitie Thadeus, amweleze habari za ng'ombe, maana shida zangu nilizoea kumweleza yeye. Jioni akarudi.

"Nimemkuta," alisema. "Atakuja kesho."

"Hakusema jambo jingine?"

"Atakuja kesho."

Kesho yake ilikuwa zamu yetu ya maji. Wateja walikuwa wameshapanga madebe yao bandani na mashine ilikuwa ikisaga. Nikamwona mama mkwe anashuka kati ya migomba, jembe begani, miguu mitupu.

"Mama, ngoja nikafungue mimi."

"Wewe una wateja, mwanangu," alisema. "Maji yananijua miguu."

Nikamwacha apite.

Sikusikia kelele. Nilisikia mashine ikibadilisha sauti, kama inakabwa, kisha mwanamke mmoja mlangoni akasema, "Bibi ameanguka." Nikatoka. Alikuwa amelala ubavu ndani ya maji, mikono imeshika jembe, na mwili wake ulikuwa ukitetemeka kwa namna ambayo mtu hatetemeki.

Jirani yetu Sirili alikuwa akimkimbilia. Nilimpigia kelele asimguse. Thadeus alikuwa amenifundisha tangu mwanzo: mtu akishikwa na umeme usimshike, zima kwanza. Nikampa mama yangu mgongo, nikakimbia kupanda kilima mpaka nyumba kubwa, nikashusha meni swichi, nikakimbia kurudi.

Nilipofika Sirili alikuwa ameshamtoa. Alimlaza kwenye majani ya migomba. Mama hakuwa na jeraha, sawa na ng'ombe. Nyayo zake tu zilikuwa na alama ndogo nyeusi.

Yule mwanamke wa mlangoni aliwaambia waliokuja baadaye, "Alipomwona ameanguka, alimkimbia."

Neno hilo lilifika Mwika yote kabla maiti haijafunikwa.

Thadeus alikuja mchana akiwa na begi lake. Aliona watu, akaona shuka. Alinijia moja kwa moja.

"Aikande," alisema, "kwa nini hamkuzima?"

Hakusema mama Ruth. Alisema Aikande, mbele ya wanawake wa ukoo, na nikaona vichwa vikigeuka.

"Hukusema tuzime," nilimjibu.

Alinitazama. Kisha akamtazama Elimringi, aliyekuwa ameketi chini karibu na miguu ya mama yake. Elimringi alisimama.

"Huyu ndiye fundi," aliwaambia vijana. "Huyu ndiye aliyefunga umeme uliomuua mama."

Walimpiga kwa vipande vya miti ya kahawa, ile ile niliyoing'oa. Polisi walipofika walimchukua wao, na naamini walimwokoa. Watu wa umeme wakaja wakakata waya kwenye nguzo. Tukazika.

Kaburini Elimringi alilia mpaka akashikiliwa. Nawaambia kwa haki: kilio kile hakikuwa cha uongo.

Baada ya matanga niliomba niachwe peke yangu. Nilichukua jembe, nikaenda pale mfongo unapokatiza, nikachimba. Umeme ulikuwa umeshakatwa. Kebo ikatokea. Ilikuwa kuukuu, imepauka, nyembamba kuliko kidole changu. Niliifuata kwa jembe kuelekea juu. Karibu sana na kingo ya mfongo ilikuwa imeungwa na kebo nene mpya, na kiungo kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira ulikuwa umeyeyuka na kuwa kama lami. Nikachimba upande wa pili. Kiungo kingine.

Ncha zote mbili mpya. Katikati takataka. Aliikata kebo yangu, akabaki na sehemu kubwa, akaniwekea alichookota.

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale niliposikia hatua. Alikuwa Elimringi. Sikuinuka. Niliona kwanza viatu, kisha nikaona alichoshika mkononi.

Alikuwa ameshika jani la isale.

Wasomaji wa mlimani hawahitaji kuelezwa. Wengine wajue kwamba kwetu mtu akikunyooshea jani hilo kuomba msamaha, hulikatai, hata kama ameua. Alipiga magoti kwenye matope mbele yangu.

"Mama alikuwa wangu," alisema.

Nilimwonyesha kiungo kilichoyeyuka.

"Nilijua ni kebo tangu nilipomwona ng'ombe. Nilikwenda kwa Thadeus. Aliniambia nirudi mbio nizime, mtu asikanyage hapo mpaka afike. Aliniambia mara mbili."

"Na wewe ukatuambia atakuja kesho."

"Ningezima mngeuliza kwa nini. Nilitaka nije mapema nikitoe hiki kipande, nifukie, nizime, basi. Nilikuja. Nilikuwa pale barabarani na koleo garini mliposema ameanguka." Alifunika uso. "Mimi nilikuwa njiani, shemeji. Alinitangulia kidogo tu."

Nililitazama lile jani. Niliwaza kulitupa majini. Lakini nimezaliwa huku, na mkono wangu ukanyooka wenyewe, nikalipokea.

Alishusha pumzi. "Basi tufukie."

"Tufukie nini?"

"Umeshapokea."

"Isale inaomba msamaha," nilimwambia. "Haiombi uongo. Nimekusamehe kama mtoto wa mama. Sasa twende polisi ukawaambie ulivyoniambia mimi."

Aliinuka polepole. Alipangusa magoti. Yule aliyekuwa akilia alikwisha ondoka, akabaki yule ninayemjua.

"Nani atakuamini?" aliuliza. "Fundi amekuita jina lako mbele ya maiti. Ukisema ni mimi, nitawauliza wazee swali moja tu: nani alikuwa akimzuia Aikande kuolewa na yule mtu na kubaki na kihamba? Mama. Na mama alipoanguka, nani alimkimbia?"

Akaondoka. Jani lilibaki mkononi mwangu.

Nilikata kiungo kimoja kwa shoka, nikakifunga kwenye kitenge, nikawaacha watoto kwa Sirili, nikaenda kituo cha polisi.

Sajenti aliyekuwa mezani alikuwa mtu mzima, mwenye mafua. Nilimwamkia, nikafungua kitenge, nikaweka kile kiungo mbele yake. Nikamweleza yote ya kebo. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alikisukuma pembeni kwa kidole.

"Mama, pole na msiba," alisema. "Lakini umechelewa. Thadeus amekwisha kiri. Amesema kebo ile aliiunga yeye."

"Si kweli."

"Ameweka sahihi jana."

"Alikuwa Kibosho kwenye msiba. Waulizeni watu wa Kibosho."

Sajenti alipenga kamasi, akanitazama vizuri zaidi. Kisha akaita askari, akasema niletewe mtuhumiwa kwa dakika chache, yeye akiwepo.

Walimleta. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Alipokiona kile kiungo mezani alikiinamia kama anavyoinamia kazi ya mtu mwingine, akatikisa kichwa.

"Tyubu ya baiskeli," alisema.

"Kwa nini umesema ni wewe?" nilimuuliza.

"Elimringi alikuja kuniona siku mliyozika. Alisema nikikana atasema tulimuua bibi sisi wawili. Huo si uzembe tena, Aikande, hayo ni mauaji. Uzembe nitafungwa nitatoka. Mauaji tutafungwa wote wawili. Ruth na Hosea atawachukua nani? Yeye."

Siku tuliyozika. Nilihesabu haraka kichwani. Basi alipokuja kunipigia magoti na isale, alikuwa ameshatoka huku kitambo. Alikuja kuomba msamaha baada ya kuhakikisha mtu mwingine amebeba kosa lake.

"Futa uliyosema," nilimwambia Thadeus.

"Rudi nyumbani."

"Futa."

"Mama Ruth, rudi nyumbani," alisema, na safari hii alilisema jina la heshima kwa nguvu, ili sajenti asikie.

Wakamrudisha ndani. Sajenti alivuta karatasi, akachukua kalamu, lakini hakuandika.

"Nimefanya kazi hii muda mrefu," alisema. "Nimeona watu wakikana walichofanya, kila siku. Mtu kubeba kifo kisicho chake nimeona mara chache, na kila mara kulikuwa na sababu. Nipe sababu, mama. Nikiandika tu kwamba ni fundi wako, watanicheka mahakamani. Huyo mtu ni nani kwako?"

Ningeweza kusema fundi. Ningerudi Mwika na kihamba changu, na watoto wangu, na jani la isale, na Thadeus angehesabu miaka yake gerezani. Wazee wasingekuwa na neno juu yangu. Elimringi asingethubutu kunigusa, kwa kuwa ningekuwa nimeshika siri yake na yeye ameshika yangu. Kuna watu wengi wanaishi hivyo, na wanakwenda kanisani.

"Ni baba wa mtoto wangu," nilimwambia.

"Wa Ruth?"

"Wa huyu." Niliweka mkono tumboni. "Yeye anajua. Mama mkwe wangu alijua pia, nilimwambia mwenyewe, akasema tungoje kwanza aongee na wazee. Hakuna mwingine."

Sajenti hakuandika. Aliinuka kitini, akapita nyuma yangu, akaenda mpaka mlango wa kuelekea kwenye benchi la wanaosubiri. Ulikuwa mlango wa mbao, umevimba kwa mvua, haufungi mpaka mwisho. Aliusukuma kwa bega. Ukarudi.

"Ungeomba useme kwa sauti ya chini ningekuruhusu," alisema, bila kunigeukia. "Shemeji yako aliingia ulipokuwa unaongea na fundi. Nilimwashiria kwa mkono, nyuma yako, akae hapo nje asubiri."

Niligeuka. Katika uwazi wa mlango benchi lilikuwa tupu. Kisha nikasikia pikapu ya Elimringi ikiwaka, na ikakata kona kuelekea Mwika, kwa watoto wangu.